Mgeni Anapita, Mwenyeji Anabaki

SWALI: Mwalimu, salaam. Sisi ni kinamama kumi na wanane wa Tanga, Walutheri na Waislamu, tunaocheza upatu pamoja kwa miaka mingi. Safari hii tumekubaliana fedha ziwe za nauli: twende Bethlehemu na Baitul Muqaddas (Yerusalemu), tuwaone Wapalestina, tuwape pole. Nina rafiki niliyesoma naye Uturuki, mzaliwa wa Beit Jala. Nilipompa habari alifurahi sana, kisha akaniambia, "Mkifika Yerusalemu mniombee, maana mimi siruhusiwi." Kwao na Yerusalemu hazifiki kilomita kumi na tano. Nauliza mambo matatu. Inakuwaje sisi wa mbali turuhusiwe na yeye azuiwe? Pili, shemeji yangu anasema kwenda huko wakati nchi imekaliwa ni kumtambua aliyeikalia, tusiende. Tatu, tukiulizwa uwanja wa ndege tunakwenda wapi, tuseme nini?

JIBU: Dada yangu, nimefurahi umeuliza kabla ya kukata tiketi. Barua nyingi za namna hii hunifikia watu wakiwa wamesharudi, na donge limewakaa kooni.

Nianze na kadi iliyo mkobani mwa rafiki yako, kwa sababu ndiyo inayojibu swali lako la kwanza. Kadi hiyo ina jalada la kijani, ya watu wa Ukingo wa Magharibi, ambako ndiko iliko Beit Jala. Mpalestina wa Yerusalemu ya Mashariki anabeba ya bluu. Rangi hizo mbili ndizo zinazoamua nani atapita mlango upi, atapanda basi gani, atajifungulia hospitali ipi, na kama mtu na mkewe wataruhusiwa kulala nyumba moja.

Mwezi Juni 1967 Israeli iliteka Ukingo wa Magharibi, Yerusalemu ya Mashariki na Gaza. Miezi michache baadaye ikahesabu watu. Aliyekutwa nyumbani aliandikwa. Aliyekuwa masomoni Kairo au kazini Kuwait hakuandikwa, na kwa karatasi akawa mgeni kwenye mji aliozaliwa. Daftari hilo la watu limebaki mikononi mwa Israeli mpaka leo. Makubaliano ya Oslo ya miaka ya 1990, kati ya Israeli na viongozi wa Kipalestina, yaliipa Mamlaka ya Palestina kazi ya kutoa vitambulisho na pasipoti, lakini jina lisipoingizwa kwenye daftari la Israeli, pasipoti hiyo haimvushi mtu popote. Kwa hiyo ukisikia kwamba Wapalestina "wana serikali yao", uliza swali moja tu: daftari la watu wake anashika nani?

Yerusalemu ya Mashariki iliunganishwa na Israeli kwa sheria ya Israeli yenyewe, hatua ambayo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliikataa. Wapalestina wa pale walipewa ukaazi bila uraia. Ukaazi huo unaweza kufutwa mtu akionekana amehamishia maisha yake kwingine, hata kama kwingine huko ni kitongoji kilicho upande wa pili wa ukuta. Tangu 1967 zaidi ya watu 14,000 wameupoteza. Na kama mwenye kadi ya bluu ameoa mwenye kadi ya kijani, ipo sheria iliyotungwa 2003, ikakwama katikati ya 2021, ikapitishwa upya Machi 2022, inayomzuia mke au mume wa Ukingo wa Magharibi au Gaza kupata ukaazi kwa njia ya ndoa. Wapo wanandoa wanaoishi kwa kibali cha muda kinachoombwa upya kila kinapokwisha, na wapo walioamua kuishi mbalimbali. Kwetu ndoa huunganisha koo. Kule inabidi kwanza ipite dirishani kwa askari.

Wengi hudhani mambo yamekuwa hivi siku zote. Hapana. Tangu 1972 kulikuwa na ruhusa ya jumla: mtu wa Gaza aliamka asubuhi akaenda Yerusalemu kuswali, au Jaffa kuogelea, akarudi kwao usiku. Mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, ruhusa hiyo ikaondolewa na kila mtu akatakiwa kuomba kibali chake binafsi. Machi 1993, baada ya mwezi ambao Waisraeli kadhaa waliuawa, maeneo yote yakafungwa na vizuizi vikawekwa kuizunguka Yerusalemu. Kufungwa huko kulisemwa ni kwa muda. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na "muda" bado haujaisha.

Rafiki yako akitaka kuingia Yerusalemu, basi, lazima aombe kibali; kwa Kiarabu wanakiita tasrih. Kipo cha kazi, cha matibabu, cha sikukuu, cha kusindikiza mgonjwa. Kinaweza kukataliwa bila sababu kutajwa. Tangu Oktoba 2023 vibali vingi vilifutwa kwa mkupuo. Ijumaa za Ramadhani ya 2024, kwa mfano, waliofikiriwa kutoka Ukingo wa Magharibi walikuwa wanaume waliozidi miaka 55, wanawake waliozidi 50 na watoto wadogo, nao pia walihitaji kibali mkononi. Ninyi hamko kwenye daftari lile. Kwa sheria za pale ninyi ni watalii, na mtalii ana mlango wake. Ndiyo maana mtapita.

Wazee wa Kenya waliowahi kutembea na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni watauelewa utaratibu huu bila kuelezwa sana, na si kwa bahati. Kanuni za dharura ambazo jeshi la Israeli linazitumia mpaka leo kutangaza kwamba shamba fulani au njia fulani imefungwa, zilitungwa na Waingereza mwaka 1945 walipokuwa wakiitawala Palestina. Mtawala aliondoka, kanuni zake zikabaki.

Israeli ina hoja yake, na mtaisikia kwa kiongozi wa msafara au kwa abiria mwenzenu, kwa hiyo msiende bila kuijua. Inasema ukuta ulianza kujengwa 2002 kwa sababu mabomu ya kujitoa mhanga yalikuwa yakiua watu kwenye mabasi na mikahawa. Ni kweli yalikuwa yakiua. Na tarehe 7 Oktoba 2023 waliouawa Israeli walikuwa kama watu 1,200, wakiwamo vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Maombolezo yao tunayajua, hatuhitaji kuambiwa. Lakini ukuta wa usalama hujengwa mpakani, na huu, kwa sehemu yake kubwa, kama asilimia 85 ya njia yake, umepangwa kupita ndani ya Ukingo wa Magharibi, ukiacha mashamba upande mmoja na wenye mashamba upande mwingine. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Julai 2004 kwamba ukuta huo ndani ya ardhi inayokaliwa unakiuka sheria ya kimataifa. Julai 2024, kwa kura 11 dhidi ya 4, ikasema kuendelea kwa Israeli kukaa kwenye ardhi hizo ni kinyume cha sheria, na ikavitaja vizuizi vya kutembea kuwa sehemu ya ubaguzi wanaofanyiwa Wapalestina. Jaji Julia Sebutinde wa Uganda alipinga; Jaji Abdulqawi Yusuf wa Somalia alikuwa pamoja na walio wengi. Nawataja wote wawili kwa sababu mtakutana na watu watakaowaambia Afrika inasema hivi au vile. Majaji wetu hawakukubaliana, na maoni ya mahakama ni ya walio wengi.

Mimi niliwahi kusimama pale Bethlehemu penye kizuizi wanachokiita 300, saa kumi na nusu alfajiri, kabla ya vita iliyoanza Oktoba 2023. Kuna ujia mrefu wenye nondo pande zote mbili, upana wake unamtosha mtu mmoja na mwenzake. Humo walijipanga mamia ya mafundi na vibarua, kila mmoja na kimfuko cha mkate, wengine wamekaa juu ya vipande vya boksi walivyovitoa nyumbani kwa sababu walijua watakaa. Walioshindwa kuvumilia walikuwa wakiparamia nondo kwa nje ili wawahi mbele. Adhana ya alfajiri ililia, wachache wakaswali palepale kwenye foleni wakiwa wima. Mimi nilipita mlango wa pembeni kwa pasipoti yangu ya Tanzania. Nilitumia dakika chache. Mzee mmoja aliniona nikipita, akanikaribisha kwa mkono, kama anayesema pita tu. Sikuwahi kuipokea heshima iliyoniuma namna ile.

Mtakapokwenda ninyi, foleni hiyo huenda msiikute, na msifurahi. Kabla ya Oktoba 2023 zaidi ya watu laki moja wa Ukingo wa Magharibi walikuwa wakifanya kazi Israeli. Vibali vyao vilipositishwa, foleni ikaisha pamoja na mishahara.

Yerusalemu ni kizuizi kimoja tu. Ndani ya Ukingo wa Magharibi wenyewe, kutoka mji wa Kipalestina hadi mji wa Kipalestina, hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwanzoni mwa 2025 ilikuta vizuizi 849: vituo vya askari, malango ya chuma, vifusi, mitaro, matofali ya zege barabarani. Kutoka Bethlehemu kwenda Ramallah njia ya asili inapita Yerusalemu, ni mwendo wa kilomita ishirini na kitu. Mwenye kadi ya kijani lazima azunguke mashariki kwa bonde la Wadi al-Nar, njia ya mlima yenye kona kali, apite kizuizi kinachoitwa Kontena. Kizuizi hicho kikifungwa, kusini na kaskazini vimekatika. Madereva wa teksi kule wana makundi ya simu ambamo kazi ni moja, kuulizana hali ya njia: lango gani limefungwa, wapi kuna askari, nani amekwama tangu asubuhi. Mwanafunzi hajui kama atafika mtihani, bibi harusi hajui saa ya harusi yake. Barua yako ilisema "kuwapa pole". Hiki ndicho cha kuwapa pole, nacho hakionekani kwenye picha za habari kwa sababu hakina damu. Ni siku ya mtu inayochukuliwa, na kesho inachukuliwa nyingine.

Kuna mahali pawili napenda mpaangalie kwa jicho jingine. Mtapelekwa Mlima wa Mizeituni; kila msafara hupelekwa, watu hupiga picha kuelekea kuba la dhahabu. Kileleni kuna jengo kubwa la mawe lenye mnara. Ni hospitali ya Augusta Victoria, mali ya Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni. Ninyi kinamama wa KKKT mna hisa pale: kanisa lenu ni mwanachama wa shirikisho hilo, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba aliwahi kuwa rais wake. Ndiyo hospitali ambayo wagonjwa wa saratani wa Ukingo wa Magharibi na Gaza walitegemea kwa tiba ya mionzi. Ili kufika kwenye kitanda chake, mgonjwa anahitaji kibali, na anayemsindikiza anahitaji chake. Kuna watoto waliofika pale na bibi, au na jamaa wa mbali, kwa sababu mama alinyimwa. Omba mwenyeji wenu awatafutie miadi mapema. Kaeni hapo saa moja badala ya kununua rozari ya tatu.

Pa pili ni Hebroni, Al-Khalil. Waislamu na Wakristo wenu wote watataka kuliona kaburi la Ibrahimu. Februari 1994 mlowezi mmoja, Mwisraeli aliyehamia kuishi kwenye ardhi iliyotekwa, aliingia na bunduki kwenye msikiti wa hapo kaburini wakati wa swala ya alfajiri, mwezi wa Ramadhani, akaua watu 29. Baada ya hapo aliyefungiwa mtaa ni Mpalestina. Shuhada, barabara iliyokuwa soko la mji, ilifungwa hatua kwa hatua; milango ya maduka imechomelewa na kutu imeishika. Mkipita hapo mtaona jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulieleza vizuri zaidi: ninyi, wageni wa Tanga, mnaruhusiwa kutembea katikati ya barabara, na mtu aliyezaliwa kwenye nyumba iliyo juu ya barabara hiyo haruhusiwi kuitumia.

Ndipo tunafika kwa shemeji yako. Msimdharau. Hoja yake ina wanazuoni nyuma yake. Februari 2012 Rais wa Palestina, Mahmoud Abbas, alisimama Doha akawaomba Waarabu na Waislamu waizuru Yerusalemu, akasema kumtembelea mfungwa si kumkubali mlinzi wa jela. Sheikh Yusuf al-Qaradawi akampinga: asiyekuwa Mpalestina asiende maadamu mji umekaliwa, maana atalazimika kuomba ruhusa kwa aliyeukalia. Aprili mwaka huohuo Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, alikwenda akaswali Al-Aqsa, na nyumbani akapokewa kwa lawama kubwa. Kwa Wakristo nako hivyo hivyo: Papa Shenouda III wa Wakopti, Wakristo wa Misri, aliwakataza waumini wake kuhiji Yerusalemu. Kwa upande wa pili, Desemba 2009 viongozi wa Kikristo wa Palestina, Patriaki mstaafu Michel Sabbah akiwamo, walitoa waraka wa Kairos Palestina wakiyaambia makanisa ya dunia: njooni mwone.

Mimi si mufti, ni mwanasheria. Hukumu ya dini waulizeni wenye elimu yake, na wale wenu watakaoona vizuri kubaki wasisimangwe. Ninachoweza kusema ni nilichokiona. Wapalestina niliokutana nao, Waislamu na Wakristo, karibu wote walitaka watu waje. Kilichowachukiza ni namna ya kuja. Hadithi ya Mtume inasema safari isifungwe ila kwa misikiti mitatu, na Al-Aqsa ni mmoja wapo. Mwenyeji wa Yerusalemu anayekesha kuulinda msikiti huo usibaki mtupu huona kila mgeni anayeswali pale kama mkono uliomshika. Lakini mgeni huyohuyo akilala hoteli ya walowezi, akanunua divai ya walowezi, akarudi Tanga akisimulia kwamba "hali ni shwari kabisa", basi shemeji yako alikuwa amesema kweli tangu mwanzo.

Misafara mingi ya mahujaji wa kwetu huenda hivi. Wanalala Yerusalemu ya Magharibi au Tiberia. Siku ya Bethlehemu basi linaingia saa nne, watu wanashushwa Kanisa la Kuzaliwa, wanainama kwenye ule mlango mfupi, wanagusa nyota, wanapelekwa kwenye duka moja lililopangwa, wanakula, na saa nane basi limeshatoka. Kiongozi anawaambia wasitembee wenyewe kwa usalama wao. Wamekaa saa nne katika mji wa Wapalestina na hawakuzungumza na Mpalestina yeyote isipokuwa muuza duka. Sisemi watu hawa ni wabaya. Wengine wameuza ng'ombe ili wafike. Nasema wamepitishwa.

Nanyi mnaweza kufanya kinyume chake bila gharama kubwa. Laleni Bethlehemu, Beit Sahour au Beit Jala, usiku usiopungua tatu. Asubuhi mpande basi la kawaida kwenda Yerusalemu na muone mlango unavyofanya kazi, nani anashushwa na nani anaachwa ameketi. Chukueni kiongozi Mpalestina, na ujue kwamba kama ni wa Bethlehemu mwenye kadi ya kijani, huenda akawaaga kizuizini na mwingine wa kadi ya bluu akawapokea ng'ambo. Wakati huo wa kuagana usipite bila kuonekana. Wengi wameniambia ndio walioukumbuka kuliko makanisa yote. Mkiweza, nendeni msimu wa mizeituni, Oktoba na Novemba, mkasaidie kuchuma. Kuwapo kwa wageni shambani wakati mwingine huwazuia walowezi kuwafukuza wenye shamba. Wakati mwingine hakuzuii kitu. Septemba 2024 mwanaharakati mwenye uraia wa Marekani na Uturuki, Ayşenur Ezgi Eygi, alipigwa risasi akafa Beita karibu na Nablus. Machi 2003 Rachel Corrie aliuawa na buldoza la jeshi huko Rafah. Kwa hiyo shamba la kwenda achague mwenyeji wenu, si shauku yenu, na akisema leo hapana, iwe hapana.

Tanzania tunajua upande wa pili wa ziara hizi, maana sisi tuliwahi kuwa wenyeji. Pale Mazimbu, Morogoro, chuo cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini kilikuwa kikipokea wageni kutoka Skandinavia na kwingineko. Wapo waliokuja kupiga picha wakaondoka. Wapo waliouliza kunahitajika nini, wakarudi kwao wakaanza kazi, na majengo yao yamesimama mpaka sasa. Waliopokea wageni walikuwa wanajua tofauti ndani ya siku mbili. Wapalestina nao wanajua.

Kama mnataka tarehe ya kufungia safari, tazameni mbio za marathoni za Palestina pale Bethlehemu, zilizoanza 2013. Msingi wake ni kifungu cha 13 cha Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu: kila mtu ana haki ya kutembea kwa uhuru ndani ya mipaka ya nchi yake, na kutoka, na kurudi. Marathoni ni kilomita 42. Waandaaji walitafuta kilomita 42 zisizokatishwa na ukuta wala kizuizi, wakazikosa, kwa hiyo mkimbiaji wa marathoni kamili anazunguka njia ileile zaidi ya mara moja, kando ya ukuta na kupitia kambi za wakimbizi. Mwaka 2014 Nader al-Masri wa Gaza, aliyekimbia Olimpiki ya Beijing, aliomba kibali cha kusafiri mwendo wa saa moja na nusu hivi ashiriki. Alifika hadi Mahakama Kuu ya Israeli, akanyimwa. Kinamama wenye magoti ya umri wetu wanaweza kutembea kilomita tano, hakuna atakayewacheka.

Gaza yenyewe msiifikirie. Imefungwa kwa ardhi, anga na bahari tangu 2007, na vita iliyofuata Oktoba 2023 imeua watu zaidi ya 60,000 kwa hesabu ya wizara yake ya afya. Askofu mkuu Desmond Tutu alitumwa na Umoja wa Mataifa kuchunguza mauaji ya Beit Hanoun mwishoni mwa 2006, akazuiwa. Alifika Mei 2008 kwa mlango wa Misri. Waliojaribu baharini mnawajua: mashua mbili zilifika Agosti 2008, kisha Mei 2010 wanajeshi wakavamia meli ya Mavi Marmara na watu kumi wakapoteza maisha, mmoja wao baada ya kuzirai kwa miaka. Oktoba 2025 mashua zaidi ya 40 zilikamatwa kabla ya kufika, na mjukuu wa Mandela alikuwamo. Ile ni kazi nyingine, ya watu walioamua kukamatwa.

Sasa uwanja wa ndege. Palestina haina mlango wake wenyewe. Uwanja wa ndege wa Gaza ulifunguliwa 1998, haukutimiza miaka mitatu ukifanya kazi, kisha ukabomolewa. Zimebaki njia mbili kubwa: Ben Gurion, uwanja wa ndege wa Israeli, au Amman, Yordani, na kisha daraja la Allenby juu ya mto Yordani. Rafiki yako alipokwenda Uturuki alipita darajani, akakaguliwa na mamlaka tatu, ingawa Ben Gurion ni karibu zaidi na kwao kuliko uwanja wa Amman. Hiyo haruhusiwi bila idhini maalumu.

Pasipoti yetu inahitaji viza ya Israeli, kwa hiyo maswali yataanza ubalozini, wala si uwanjani. Msidanganye. Nasema hivi kama mwanasheria na kama mzee. Ninyi ni mahujaji, mnakwenda Yerusalemu na Bethlehemu, mtalala hoteli fulani: yote ni kweli, na ukweli huo unatosha. Hakuna sheria inayowalazimu kutoa hotuba mbele ya dirisha. Lakini fahamuni kwamba tangu Machi 2017 sheria ya Israeli inaruhusu kumzuia mgeni aliyetoa wito hadharani wa kuigomea Israeli au makazi ya walowezi, na mapema 2025 ikapanuliwa. Agosti 2019 wabunge wa Marekani Rashida Tlaib na Ilhan Omar walizuiwa. Omar ndiye yule aliyeishi utotoni kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Kama yupo kati yenu aliyeandika maneno hayo mtandaoni, ayaseme kwenye kikao cha upatu kabla fedha hazijalipwa, msikwame kumi na wanane kwa ajili ya mmoja. Simu zinaweza kukaguliwa. Chelea zaidi majina ya wenyeji kuliko yako: wewe ukirudishwa utafika Tanga kesho yake, yeye anabaki hapo na askari walewale.

Mwaka 2011 na 2012 mamia ya watu wa Ulaya walipanda ndege wakitangaza wazi, tunakwenda Palestina. Wengi walizuiwa hata kupanda, wengine wakawekwa kizuizini wakarudishwa. Walitaka dunia ione mlango ulivyo, na ikaona. Ninyi mnataka kuonana na watu, kwa hiyo fuateni njia itakayowafikisha.

Jambo moja la kujiandaa nalo kama kundi. Pale Al-Aqsa mtatenganishwa. Waislamu wataingia kwa malango yao, na walinzi wa Waqf, taasisi ya Kiislamu inayousimamia msikiti, huenda wakawaomba wasome Fatiha ili wajue kweli ni Waislamu. Wakristo wataingia kwa lango la Maghariba tu, kwa saa za watalii, si Ijumaa wala Jumamosi. Kubalianeni mapema mtakutana wapi baadaye, na msilichukulie kama ugomvi kati yenu.

Kabla ya yote hayo, mpigie rafiki yako umuulize anataka umfanyie nini Yerusalemu ambacho yeye hawezi. Usimchagulie. Watu wa Bethlehemu mara nyingi huomba kaak, ule mkate mrefu wa duara wenye ufuta unaouzwa kwenye mikokoteni karibu na Lango la Dameski, kwa sababu wanasema wa kwao hauna ladha ile. Mwingine ataomba picha ya mlango wa nyumba ya bibi yake, mwingine dua mahali fulani hasa. Andika alichosema, hesabu kitachukua muda gani, na siku hiyo ya Yerusalemu uipange kuanzia hapo. Mkate ununue mwishoni, jioni, ufike Beit Jala ukiwa bado laini.